Nani Anahesabu Uniti za Ufipa

Muda mrefu kabla ya nguzo ya kwanza ya umeme kusimikwa Sumbawanga, Wafipa walikuwa wakijua kuhesabu nishati. Malungu, yale matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma yaliyomzidi mtu kimo, yalijivutia hewa yenyewe bila mivukuto na yalikula mkaa mwingi. Bonge la chuma lililotoka humo lilihamishiwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Mkaa ukipungua, chuma hakiivi. Kwenye uwanda ambao nyasi ni nyingi kuliko miti, fundi asiyejua kukadiria mkaa wake alikuwa amepoteza kazi ya siku nzima na zaidi. Majembe ya kiwandani yalipoenea, malungu yakazimika, na hesabu ikabaki jikoni, kwa akina mama wanaopima kuni kwa macho.

Umeme ulikuja kwa mafungu. Seminari ya Kaengesa ilikuwa na mtambo wake mdogo wa maji, kilowati 44, tangu miaka ya 1960. Mji wa Sumbawanga ulitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, shirika la umeme la taifa, halafu ikavutwa njia ya kilovolti 66 kutoka Mbala, ng'ambo ya mpaka. Uniti iliyopasha pasi Sumbawanga ilikuwa imenunuliwa Zambia.

Mita za wakati huo zilikuwa na sahani ya alumini inayozunguka, aina ambayo Ottó Bláthy aliitengeneza Budapest mwaka 1889. Msoma mita alipita, akaandika, akaenda zake. Ankara ilifuata baadaye. Mwenye nyumba alijua alichokula baada ya kushiba.

LUKU iligeuza mambo. Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo ilianza katikati ya miaka ya 1990, ikafuata mfumo uliobuniwa Afrika Kusini, ule wa tarakimu 20 zinazobonyezwa kwenye mita. Hesabu iliyokuwa ofisini ikahamia ukutani, na mahali ambapo mita iko juu ya nguzo, ikahamia kwenye rimoti iliyo sebuleni. Umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini ulioanza kazi mwaka 2007, ulipoingia vijijini, maelfu ya nyumba hazikuwahi kuona ankara. Kwao umeme na LUKU ni kitu kimoja. Wilayani Nkasi, kuanzia Kate hadi Namanyere, mtu haulizwi bili yake ni kiasi gani. Anaulizwa zimebaki uniti ngapi.

Bei ndiyo iliyowafanya watu wawe wafuatiliaji hodari. Kwa viwango vya mwaka 2016, kaya ya matumizi madogo inalipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ikivuka hapo, kila uniti inayozidi ni shilingi 350. Kwa hiyo mwezi unapoelekea mwisho, kuna nyumba ambazo pasi hupumzishwa kabisa. Na kwenye nyumba za kupanga zenye mita moja, ugomvi wa kuchangia LUKU haujaisha: mwenye friji anamnyooshea kidole mwenye jiko la umeme, na mwenye balbu moja anawanyooshea wote wawili. Wenye nyumba wengine wamefunga mita ndogo kila chumba ili wapate usingizi.

Kifaa cha kumaliza ubishi huo, kwa kweli, kipo tayari. Kwenye mita za kielektroniki kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake imeandikwa idadi ya mapigo kwa kila uniti, mara nyingi 1000. Zima vyote, acha pasi ya wati 1000 ikipata moto: kitaa kitapepesa kama mara 17 kwa dakika. Acha balbu ya wati 10 peke yake: utasubiri dakika sita upate pigo moja. Vihisi vingi vya umeme vinavyouzwa Ulaya kwa ajili ya nyumba za kisasa ni jicho tu linalobandikwa juu ya kitaa hicho na kupeleka hesabu kwenye simu. Vingine hukumbatia waya. George Hart wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba ukichunguza umeme unavyopanda na kushuka mahali pamoja, unaweza kutambua friji imewaka saa ngapi bila kuigusa.

Tanzania ilionja ufuatiliaji wa namna hiyo kwa njia ya sola. Kampuni kama Mobisol ya Ujerumani iliuza mitambo ya nyumbani kwa malipo ya kidogo kidogo. Ndani yake mlikuwa na laini ya simu iliyopeleka taarifa za betri na matumizi kwa kampuni, na asiyelipa alizimiwa kutoka mbali. Hapo hesabu ikatoka tena nyumbani. Mita ya LUKU nayo imepewa kazi za ziada: tangu Agosti 2021 inakata kodi ya majengo, mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 shilingi 1,500.

Mwaka 2024 kila mwenye LUKU alijikuta akibonyeza namba mara tatu badala ya moja. Mfumo wa zile tarakimu 20 ulihesabu dakika kuanzia Januari 1993, na nafasi ya kuzihesabu ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba, kwa hiyo mita zote zilipaswa kubadilishiwa ufunguo. Wengine walikosea tarakimu moja wakaanza upya.

Kwa mtu wa Kate anayefikiria kununua vihisi sasa, kuna hesabu moja ya kufanya mapema. Soketi ya kisasa yenye Wi-Fi, mojawapo ya vihisi hivyo, hula karibu wati moja hata ikiwa haijachomekewa kitu. Tano, usiku na mchana, ni uniti 3.6 kwa mwezi, na zote zinatoka kwenye zile uniti 75 za bei nafuu. Mkaa na kuni, ambavyo ndivyo nishati kubwa zaidi ya nyumba nyingi za Ufipa, havitaonekana kwenye simu ya mwenye vihisi hata kidogo.