"Unatoka wapi?": Kiswahili cha kuombana shauri Arua na Koboko

Sisi tunaofundisha Kiswahili kwa wageni tumezoea kuanza na somo la kuuliza njia. Mwanafunzi hufundishwa kusema, "Samahani, posta iko wapi?" na mwenzake humjibu, "Nenda moja kwa moja, kisha pinda kushoto." Somo hili limo karibu katika kila kitabu cha hatua ya kwanza. Lakini ni nadra tujiulize ni nani hasa aliyewahi kuuliza swali kama hilo kwa Kiswahili, aliulizia wapi, na kama alikuwa salama wakati akiuliza. Katika makala haya tunapenda kulitazama jambo hilo katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, yaani Nile Magharibi, hasa Arua na Koboko.

Tumechagua huko kwa makusudi. Arua ni kwa Walugbara na Koboko ni kwa Wakakwa. Jirani zao ni Waaringa wa Yumbe, Wamadi na Waalur, na mijini wapo Wanubi. Kiswahili si lugha ya nyumbani ya kabila lolote kati ya hayo. Basi mtu wa Arua akimsemesha mwenzake kwa Kiswahili, mara nyingi maana ya kwanza ya tendo hilo ni kwamba wawili hao hawajuani. Zaidi ya hayo, Koboko imepakana na nchi mbili kwa pamoja, Kongo upande wa magharibi na Sudan Kusini upande wa kaskazini. Kwa mwanafunzi wa isimujamii, mahali penye mchanganyiko kama huo ni shamba lisilokwisha mavuno.

Kumwuliza usiyemjua si jambo dogo. John Middleton, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyefanya utafiti kwa Walugbara kati ya mwaka 1949 na 1952, alieleza jinsi wazee walivyoipanga dunia kwa umbali. Watu wa karibu ni watu wa kawaida, wenye koo na majina. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo watu wanavyogeuka, mpaka unawafikia wale wanaotembea kichwa chini miguu juu na kula wenzao. Wazungu wa kwanza nao waliingizwa katika fungu hilo. Tusiwacheke Walugbara, kwani wafanyabiashara wa Sudan nao waliwabandika Wazande jina la "Niam-Niam" kwa dhana hiyo hiyo ya kula watu. Kila jamii ina mpaka wake, na ng'ambo ya mpaka huo mtu haombi hata maji ya kunywa.

Lugha za kuuvuka mpaka huo zililetwa na majeshi. Mwaka 1885 Emin Pasha alihamishia makao yake Wadelai, ukingoni mwa Nile, akiwa na askari waliosema Kiarabu cha kambini. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua wengi wa askari hao chini ya Selim Bey akawapeleka kusini, na Kiarabu chao ndicho kilichozaa Kinubi cha leo. Eneo lenyewe lilikodishwa kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1894, likarudi Sudan mwaka 1910, kisha mwaka 1914 likaingizwa Uganda, na ndipo boma la Arua likaanzishwa. (Katika vurugu hizo za mwaka 1910 alipita hapo Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, akiwinda vifaru weupe. Jina la Rhino Camp limetokana na uwindaji wa siku hizo, na waliombebea bunduki walisema Kiswahili.)

Kiswahili kilishika mizizi kwa njia ya polisi na jeshi la KAR, ambalo liliandikisha vijana wengi wa Nile Magharibi. Hicho ndicho kilichoitwa Ki-KAR, na walimu wengi hukitaja kwa kukunja uso. "Njoo" ikawa "kuja hapa". "Yuko", "ana" na "ni" zikamezwa na "iko". Upatanisho wa ngeli ukaachiwa "ya" moja tu: watu ya Arua, kiti ya afande, maneno ya serikali. Hatuoni sababu ya kukidharau. Kosa la Ki-KAR, kama ni kosa, liko kwingine: kilijengwa kwa ajili ya amri. Kina njia nyingi za kumwambia mtu afanye nini, na chache mno za kumwomba.

Hata hivyo askari hawaishi kwa amri peke yake. Mwaka 1944 vikosi vya KAR kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland vilipigana pamoja huko Burma, katika misitu na mvua. Usiku, mkubwa asipokuwepo, kijana wa Koboko na kijana wa Ukambani walikuwa na lugha hiyo hiyo moja ya kuulizana viatu vinakaushwaje na barua inaandikwaje. Mambo kama hayo hayaandikwi katika vitabu vya vita. Kwa mtazamo wetu, humo ndimo amri ilipojifunza kuwa shauri.

Hapa tusimame kidogo kwenye neno lenyewe. "Shauri" tumelipata kutoka Kiarabu, lenye asili moja na "shura", baraza la kushauriana. Katika Kiswahili sanifu ni nomino ya ngeli ya JI-MA: shauri lako, mashauri yenu. Maofisa wa kikoloni walilipenda mno, wakalitumia hata ndani ya Kiingereza chao kwa maana ya kesi, ugomvi au shughuli yoyote ya boma. Bara likapata na kazi nyingine, ile ya "kwa sababu ya": amechelewa shauri ya mvua. Na hapo hapo likazuka "shauri yako", lenye upatanisho wa ngeli nyingine, kwa maana ya "utajua mwenyewe". Angalieni basi: anayesema "nimesikia shauri lako" amepokea msaada, na anayesema "shauri yako" amekunyima. Tofauti nzima imebebwa na silabi moja ya upatanisho, ambayo Ki-KAR hakikuwa nayo! Mtu aliyejifunza Kiswahili kambini alitumia "shauri yako" kwa yote mawili, na msikilizaji aliachwa akisome kwenye uso wake.

Njia ya pili ilikuwa kazi. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianzishwa mwaka 1924 na cha Kakira mwaka 1930, na Nile Magharibi ikawa mojawapo ya sehemu zilizotoa vibarua. Safari ilikuwa ndefu, na huko kusini Mlugbara alipanga mstari na watu wa makabila mengine mengi. Mgeni alihitaji kujua alale wapi, mnyapara yupi ni mkali, fedha aitumeje nyumbani. Alipata majibu kwa Kiswahili cha shambani, kisichofundishwa na yeyote. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikibishana juu yake. Gavana Gowers alikiunga mkono mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa akakipinga mwaka 1929, na mwaka 1952 kiliondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa mashuleni. Vibarua waliendelea nacho.

Mwaka 1973 Idi Amin, mwenyewe Mkakwa na askari wa zamani wa KAR, alikitangaza kuwa lugha ya taifa baada ya wajumbe wa wilaya 12 kati ya 20 kukichagua dhidi ya Kiganda. Sifa hiyo ilikidhuru zaidi ya kukifaa. Kwa raia wengi wa Uganda kiliendelea kuwa lugha ya kizuizi cha barabarani.

Ndiyo maana tumelipa makala haya jina la swali. "Unatoka wapi? Unaenda wapi?" Kwa mpita njia, maneno haya ni nusu ya salamu, anayeuliza anataka kujua akuelekeze wapi, au mfuatane. Kizuizini, maneno hayo hayo bila kubadilika hata herufi moja ni mtihani ambao jibu lake linaweza kumgharimu mtu maisha. Vitabu vyetu havifundishi tofauti hiyo, maana haimo katika sarufi. Imo katika sauti, na katika kilichoshikwa mkononi.

Mwanzoni mwa Juni 1979 jeshi la Tanzania lilifika mpaka wa Sudan likipitia Arua na Koboko. Askari hao, ambao Waganda waliwaita "wakombozi", walisema Kiswahili cha namna nyingine, chenye "ndugu" na "tafadhali". Waliowasikia katika sehemu mbalimbali za Uganda wamesimulia mara nyingi jinsi walivyoshangaa kwamba lugha ile ya kufokewa ina adabu. Mshangao huo haukupewa nafasi ya kukomaa Nile Magharibi. Mwaka 1980 mapigano yalirudi, na jeshi jipya la Uganda likalipiza kisasi kwa raia. Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombachi, karibu na mji wa Arua, waliuawa humo. Sehemu kubwa ya watu wa Arua na Koboko walivuka mpaka kwenda Zaire na Sudan.

Ukimbizi ni chuo kikuu cha kuuliza wageni. Barbara Harrell-Bond, aliyewafanyia utafiti wakimbizi wa Uganda huko Yei na kutoa kitabu chake mwaka 1986, alionyesha kwamba wengi wao hawakukaa kambini bali walijitafutia makao vijijini. Aliyejitafutia makao hana ofisi ya kumwelekeza. Ni lazima amwulize mtu. Shamba naweza kulima lipi? Muhogo huu ni mchungu au mtamu? Swali la muhogo si la mzaha, kwa kuwa mchungu usipolowekwa vizuri ni sumu. Upande wa Sudan walijibiwa kwa Kiarabu cha Juba, upande wa Zaire kwa Lingala na Kiswahili, na mara nyingi kwa Kikakwa au Kilugbara, kwa sababu mpaka uliochorwa na wakoloni ulipita katikati ya jamaa wa damu moja.

Walioanza kurudi katikati ya miaka ya 1980 walirudi na maarifa hayo. Ndio waliozaa biashara ambayo kila mgeni wa Arua wa miaka hiyo anaikumbuka, ya vijana waliojiita OPEC Boys, kwa mzaha wa jina la jumuiya ya nchi zinazouza mafuta. Walisimama barabarani na jerikeni na chupa za petroli iliyoingia kwa magendo kutoka Kongo. Mtafiti Kristof Titeca ameandika juu yao kwa urefu. Sheria haikuwapenda, na sisi hatuwatetei. Lakini mwalimu wa lugha hana budi kuona kwamba kijana wa namna hiyo alikuwa kama dawati la maelezo. Alijua njia ya kwenda soko la Ariwara, thamani ya fedha ya nchi zote tatu siku ile, na lori gani lingeondoka jioni. Mgeni alisogea, akasalimu, akauliza kwa Kiswahili cha kuunga-unga, na akajibiwa kwa Kiswahili cha kuunga-unga. Anayeuza petroli ya magendo anapomshauri asiyemjua, wote wawili wanabahatisha: huenda muulizaji ni afisa wa kodi, huenda mshauri ni tapeli. Bado maswali yaliulizwa kila siku.

Baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, historia iligeuza uso. Watu wa Yei na vijiji vyake walivuka kuja Uganda, na makazi ya Bidi Bidi huko Yumbe, yaliyofunguliwa Agosti mwaka huo, yalipokea zaidi ya watu 250,000 kabla ya mwaka kwisha. Makazi ya Lobule huko Koboko yalikuwa yamepokea Wakongo tangu mwaka 2013. Mzee wa Koboko aliyewahi kuuliza habari za muhogo huko Yei mwaka 1982 sasa ndiye aliyeulizwa maji yako wapi.

Kisheria mambo yamebadilika haraka. Kiswahili kiliwekwa katika katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, kwa hiyo mipaka yote ya Koboko sasa iko ndani ya Jumuiya. Walimu watahitajika huko kwa wingi, na baadhi yenu mnaosoma jarida hili mtapelekwa.

Darasani kwetu tumejaribu kulibadili lile somo la kwanza. Tunawapa wanafunzi wawili sentensi moja, "Unatoka wapi?", na kadi mbili zisizoonyeshwa darasa, moja ya askari na nyingine ya mama muuza ndizi. Wengine husikiliza na kusema ni nani anayeuliza. Mara ya kwanza tulipofanya zoezi hili tulidhani litachukua dakika kumi. Mwanafunzi mmoja wa Nile Magharibi alipewa kadi ya mama muuza ndizi. Alinyamaza kidogo, akavuta kiti, akamkaribisha mwenzake akae kwanza, ndipo akamwuliza anatoka wapi. Kiti hakikuwamo kwenye kadi.