Ajali ya ndege ya Roy Halladay
Roy Halladay, mrushaji mpira mashuhuri wa besiboli, alifariki tarehe 7 Novemba 2017 akiwa na miaka 40, ndege yake nyepesi aina ya Icon A5 ilipoanguka katika Ghuba ya Meksiko, karibu na pwani ya Florida, Marekani. Alikuwa peke yake. Ndege hiyo ya viti viwili, inayotua majini na nchi kavu, alikuwa ameipokea mwezi uliotangulia tu. Wachunguzi walibaini kwamba alipaa kwa mwinuko mkali na kukata kona kali mita chache juu ya maji, huku akiwa ameathiriwa na dawa kadhaa, zikiwemo amfetamini. Kwa kimo hicho, mabawa yakipoteza nguvu ya kuinua, rubani hana nafasi ya kuinusuru ndege, na mgeni wa chombo huchelewa zaidi kuihisi hatari.