Maji Twahara na Maji Salama: Fikhi na Tiba Chini ya Milima ya Upare

Bendera ipo katika nyanda za chini za wilaya ya Same, chini ya Milima ya Upare, katika njia itokayo Mkomazi kuelekea Kihurio, Ndungu na Gonja. Mvua ya huko ni haba, lakini mito huteremka kutoka milimani. Na penye maji ndipo walipo watu, mpunga, mbu na konokono. Kwa hiyo historia ya afya katika nchi hiyo kwa sehemu kubwa ni historia ya maji, na katika habari ya maji mafundisho mawili yamekutana: ya fikhi ya Kiislamu na ya tiba ya kisasa. Kukutana kwao hakukuwa ugomvi, wala hakukuwa mwafaka mwepesi kama wanavyodai baadhi ya wasemaji.

Mafundisho ya kwanza yalifuata misafara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Pwani walipandisha bonde la mto Pangani kwenda Kilimanjaro, wakitua katika vijiji vilivyo chini ya milima, na dini ikaja nyuma ya biashara. Vitabu vya fikhi ya Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea Pwani na Visiwani, hufungua kwa mlango wa twahara kabla ya mlango wa sala. Mtoto wa chuoni hujua kustanji, kutawadha na kupiga mswaki kabla hajasikia habari za mirathi. Hujua pia kwamba maji yakikosekana, au yakiwa na madhara kwa mgonjwa, tayamamu inatosha. Hapa pana jambo la kuzingatiwa: sharia yenyewe imeufanya uzima wa mwili kuwa hoja ya kumwondolea mja ulazima wa maji.

Mafundisho ya pili yalikuja na serikali ya kigeni. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, katika Usambara, mwaka 1902, na miti ya kwinini ikapandwa huko. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mashamba ya mkonge yakashamiri kandokando ya njia yake. Lakini tendo kubwa la tiba ya kisasa katika nyanda hizi lilikuwa Mpango wa Malaria wa Pare-Taveta, uliosimamiwa na watafiti wa Amani chini ya Bagster Wilson. Kati ya 1955 na 1959 kuta za nyumba za nyanda za Upare, na za Taveta upande wa Kenya, zilipulizwa dawa ya dieldrin kila baada ya miezi minane hivi. Mbu aina ya Anopheles funestus, mwenye desturi ya kutua ukutani akishashiba damu, akakaribia kutoweka, na watoto wenye vimelea vya malaria wakapungua sana. Upulizaji ulipokoma, mbu walirudi, na malaria ikarudi nao kidogo kidogo.

Katika kisa hicho kila upande una funzo lake. Mtu aweza kutawadha mara tano kwa siku, nguo yake ikawa safi na ua wake umefagiliwa, na bado akaumwa na mbu usiku. Twahara haikuletwa ili iue mbu. Dawa nayo, pamoja na nguvu zake zote, haikudumu baada ya waliokuja nayo kuondoka.

Mahali ambapo fikhi na tiba zinakaribiana zaidi ni katika maji yaliyotuama. Wapare tangu kale hujenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukinga maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Ndungu, katika tarafa hizo hizo za chini, ulijengwa kwa msaada wa Japani mradi wa umwagiliaji wa hekta zipatazo 680, uliokamilika mwaka 1990. Maji hayo ni riziki. Lakini maji yatulizanayo ndiyo makao apendayo konokono wa kichocho. Theodor Bilharz alimgundua mnyoo wa maradhi hayo mjini Cairo mwaka 1851. Mwaka 1915 Robert Leiper, huko huko Misri, akabainisha mzunguko wake: mgonjwa hukojoa au hujisaidia majini, mayai huangua, vijidudu huingia ndani ya konokono, kisha hutoka vikiwa vya namna nyingine na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayechota. Zaidi ya karne 12 kabla ya hapo, Mtume (S.A.W.) alikwisha kukataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Anayelishika katazo hilo kwenye ndiva au mfereji huwa amekata pingili moja ya mnyororo wa kichocho, hata kama hajapata kumsikia Leiper.

Hata hivyo, hapa ndipo inapompasa msomaji asimame kidogo. Katika fikhi ya Shafi, maji yaliyofikia kulatain, kiasi cha lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Vijidudu vya kichocho havibadilishi kimojawapo cha hivyo vitatu. Bwawa laweza basi kuwa twahara kwa hukumu ya sharia, likatawadhiwa na sala ikaswihi, na papo hapo likamtia maradhi anayetawadha. Maji twahara na maji salama si kitu kimoja. Twahara ni hukumu ya ibada; usalama ni habari ya viumbe visivyoonekana kwa jicho, na elimu yake hutafutwa kwa darubini.

Kuchanganya mambo hayo mawili kumeleta makosa ya namna mbili. Wako matabibu waliouona udhu wa mtoni au wa birika la msikiti kuwa ndio chanzo cha maradhi, kana kwamba ibada ndiyo iliyozaa mnyoo. Wako na wahubiri wanaosema kwamba kila kilichovumbuliwa maabara kilikwisha kuandikwa, kwa hiyo hakuna la kujifunza zahanati. Ibn Khaldun, katika Mukadima aliyoiandika mwaka 1377, aliwajibu hawa wa pili mapema: Mtume alitumwa kufundisha sharia, hakutumwa kufundisha utabibu. Hoja hiyo haimpunguzii Mtume daraja. Inakiweka kila kitu mahali pake. Na Mtume mwenyewe aliwaamrisha watu wajitibu, akafahamisha kuwa kila maradhi yameumbiwa dawa, isipokuwa uzee. Kama dawa ipo na haijajulikana, kuitafuta ni sehemu ya kuitii amri hiyo.

Masahaba waliielewa hivyo. Wakati wa tauni ya Amwasi, miaka ya 638 na 639, Khalifa Umar alifika Sargh, mpakani mwa Sham, akapata habari za maradhi, akafanya shauri na kuamua kurudi. Abu Ubaida alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari moja kuingia katika nyingine. Kisha Abdulrahman bin Auf akawapa hadithi: tauni ikiwa katika nchi, asiingie aliye nje wala asitoke kwa kuikimbia aliye ndani. Imani haikumzuia Umar kuhesabu hatari. Ilimpa ujasiri wa kuihesabu.

Unguja na Pemba zimekwisha kuonyesha namna ya kulitenda hilo. Katika juhudi za kutokomeza kichocho zilizoanza mwaka 2011, pamoja na kugawa dawa ya praziquantel na kuwapiga vita konokono, walimu wa skuli na wa madrasa walifundishwa habari za maradhi hayo ili wawafundishe watoto, na pakajengwa mahali pa kufulia na pa kukojolea mbali na mito. Mwalimu wa chuoni hakuombwa aache mlango wa twahara. Aliombwa auongezee ukurasa.

Ukurasa huo wafaa pia chini ya Milima ya Upare. Vijidudu vya kichocho vikishatoka kwa konokono haviishi zaidi ya siku mbili hivi. Birika la msikiti lisilo na konokono, likijazwa, likafunikwa na kuachwa siku mbili, huwa limeondokewa na hatari hiyo, na twahara yake haikupungua hata tone. Maji ya kunywa yakichemshwa hayatoki katika hukumu yake. Anayemeza dawa ya kichocho hajapungukiwa na tawakali, na anayesomewa dua hana sababu ya kukosa kupimwa mkojo. Mlango wa twahara ulifunguliwa huko na watu wa misafara. Hakuna katika sharia kinachomzuia mganga wa zahanati kuingia kwa mlango huo huo.