Miaka yenye historia ya Goma inaruka

Bandugu, ukiuliza historia ya volkano yetu, kila mtu atakupa tarehe tatu: 10 Januari 1977, 17 Januari 2002, 22 Mei 2021. Na miaka ya katikati, nani anaiandika?

Ku sekondari tuliandika ku tablo: SO₂ + H₂O → H₂SO₃. Asidi salfurasi. Tulifundishwa kwamba ni asidi dhaifu, na hakuna mtu ameifungia safi ndani ya chupa: ukichemsha yale maji, gesi inatoka, inaenda zake. Nilikariri, nikapata pointi, nikasahau.

Kumbe koko wangu wa Rusayo aliijua bila fomula. Mvua ikianza huku moshi wa Nyiragongo umelala upande wetu, alikuwa anasema: "Musiteke bado. Muache ioshe manjanja kwanza."

Alikuwa na sababu. Kisha 2002 ziwa la lava lilirudi mu kreta, likakaa mpaka 2021. Miaka ile Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira zilihesabiwa kati ya volkano zinazotoa SO₂ nyingi zaidi duniani. Mara nyingi upepo unasukuma moshi magharibi, kuelekea Rusayo, Sake na Masisi. Mu mawingu gesi inakutana na maji, inazaa H₂SO₃. Oksijeni ikiongezeka, inakuwa H₂SO₄, asidi kali, ile ya batri. Njo inanyesha. Majani ya maharagi yanaungua madoadoa, manjanja yanaliwa na kutu.

Na Rusayo hakuna mto, udongo wa lava unameza maji yote. Batu banakunywa maji ya paa. Moshi ule unabeba pia floridi, njo yenye inaharibu rangi ya meno ya batoto.

Tusichanganye na mazuku. Mazuku ni CO₂: nzito, haina harufu, inalala mu mashimo na inaua haraka. Gesi ya salfa inanuka kama kibiriti kinachowashwa, inakohoza, na hasara yake inakuja polepole, msimu kwa msimu.

Njo maana haiingii mu historia. Lava imetuachia mawe, na nusu ya kuta zetu ni ushahidi wake. Ushahidi wa asidi uko mu manjanja yaliyotoboka na yakatupwa, mu shamba lililoachwa, mu vichwa vya wazee.

Sisi benye tumesoma, tukienda likizo ku kijiji, tuulize: mwaka gani maharagi yaliungua? Mulibadilisha manjanja mara ngapi? Hizo nazo ni tarehe. Tuziandike na majina ya vijiji, tuzilinganishe na vipimo vya Observatwari ya volkano ya Goma, yenye inafuatilia milima hii tangu 1986.

Mimi nilichelewa. Fomula niko nayo mu kaye mpaka leo, lakini koko alienda na miaka yake yote.