Swali la Mwaka 1911



Wapendwa, juma hili nimerudia kitabu kilichonikasirisha nilipokuwa seminarini. Ni uhakiki wa Okot p'Bitek wa Uganda (1931–1982), mshairi na mwanafikra, juu ya namna wanazuoni wa Magharibi walivyozieleza dini za Kiafrika. Kilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati ule nilikisoma nikitafuta makosa. Safari hii nimesoma kurasa chache tu, neno kwa neno.

Okot anasimulia kwamba mwaka 1911 wamisionari Wakatoliki kutoka Italia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana yetu, hivyo swali likageuka: nani aliwafinyanga? Wazee wakasema hawajui. Mtu huzaliwa na mama yake. Wakabanwa. Ndipo mmoja akakumbuka kwamba mtu apatwapo na kibiongo, umbo lake hufinyangwa upya, na afanyaye hivyo ni Rubanga. Basi Rubanga, pepo wa kibiongo, akatangazwa kuwa Muumba, na Wakristo wa Kiacholi humwita Mungu kwa jina hilo hata leo.

Zamani niliona hapa dhihaka tu. Sasa naona kwamba katika kisa hiki Okot habishani kama Mungu yupo. Anachunguza nani alisikilizwa. Wala hakuwasaza wanateolojia wetu: Kasisi John Mbiti wa Kenya alimlaumu kwa kuivika miungu ya Kiafrika sifa za Kigiriki.

Kuhusu jina, sikubaliani naye. Isaya naye alimwita Mungu mfinyanzi, na neno la Kigiriki ambalo Agano Jipya humtajia Mungu lilikuwa la Zeus kwanza. Sala za vizazi hulitakasa neno. Lakini jibu la kwanza la wazee, "hatujui", lilikuwa la kweli, na hakuna aliyelipokea.

Nasi je? Mapadre Weupe walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, wakakabidhiwa ngome ya jumuiya ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Maswali waliyowauliza wazee wetu pale ufukweni siwezi kuyahukumu. Yangu nayajua: mara nyingi nimekaa mbele ya wakatekumeni nikiwa na jibu mkononi kabla ya swali.

Jumamosi hii tunaanza somo la uumbaji. Wazee watasema kwanza, nami sitaandika ubaoni mpaka wamalize.