Nenosiri: neno lisilo neno, siri isiyo na msiri

Wiki ya kwanza chuoni mwanafunzi hukabidhiwa karatasi nyingi, na mojawapo ina mistari miwili tu ya maana: jina la mtumiaji na neno la siri. Kwa mistari hiyo atasajili kozi, atapata namba ya malipo ya ada, ataona matokeo, atasoma barua pepe ya chuo, atapakia kazi alizopewa na wahadhiri na ataunganisha simu yake na Wi-Fi ya maktaba. Mstari wa kwanza hauna mgogoro. Kwa kawaida ni namba ya usajili, namba ambayo msimamizi wa darasa anayo, rafiki zako wanayo, na imeandikwa kwenye kitambulisho unachokivaa shingoni. Wa pili ndio wenye maneno. Kiswahili kimeupa majina manne, na hakuna hata moja linalomweleza mgeni wa mifumo hiyo yote anayopaswa kujua.

Koridoni wanafunzi husema paswedi. Vitabu vya TEHAMA na tafsiri nyingi za programu huandika nywila. Google katika Kiswahili imeshika nenosiri, ambalo ni neno la siri lililounganishwa. Halafu kuna namba ya siri, jina tulilolizoea kutokana na pesa za simu: M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hata bibi ambaye hajawahi kugusa kompyuta alijifunza kuwa na tarakimu nne asizozitaja mbele ya watu. Hilo la mwisho tuliache palepale kwenye simu, kwa kuwa linafaa kwa tarakimu tupu. Paswedi nayo ibaki koridoni. Wanaobaki kugombania kiti ni nywila na nenosiri.

Kwanza tuangalie wenzetu walivyoliita. Waingereza na Wafaransa wote wamelijenga jina lao juu ya kupita: ni neno la kukupitisha mlangoni. Jina hilo lina asili ya kijeshi. Polybius, mwanahistoria wa kale, ameeleza jinsi jeshi la Roma lilivyosambaza neno la usiku kwa kibao cha mbao kilichopita kikosi hadi kikosi. Neno lile lilijulikana na kambi nzima. Kazi yake ilikuwa kumtenga mgeni, basi. Waarabu wana majina mawili, moja la kupita na jingine, *kalimat as-sirr*, ambalo ni neno la siri hasa. Siri yetu imetoka kwenye Kiarabu, na Kiswahili kimechukua upande huohuo: hakikutazama mlango, kimetazama usiri. Naona kilichagua vizuri. Neno la mfumo wa chuo si la kambi nzima. Ni la mtu mmoja.

Na neno la siri la kompyuta lilikuwa la mtu mmoja tangu lilipozaliwa, tena, kwa kadiri inavyojulikana, lilizaliwa chuoni. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu fupifupi mno hivi kwamba kila mmoja aliona kama ni yake peke yake. Kompyuta ilikuwa ghali, kila mtu alipangiwa saa zake, na mafaili ya watu yalikaa ndani ya mashine moja. Ikabidi kila mtumiaji awe na neno lake. Mwaka uliofuata mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, aliona saa alizopangiwa hazimtoshi. Akapeleka kadi ya matundu iliyoagiza faili la manenosiri lichapwe, nalo likachapwa lote, jina kwa jina. Akawa anaingia kwa akaunti za wenzake. Yaani hila ya kwanza maarufu ya nenosiri haikufanywa na jambazi wa mtandaoni bali na mwanafunzi aliyekuwa akihangaika na utafiti wake. Baadaye, katika mfumo huohuo, kosa la programu lilibadilishanisha faili mbili za wasimamizi, na kila aliyeingia akasalimiwa na orodha ya manenosiri ya wote badala ya tangazo la siku.

Hapo ndipo istilahi yetu inapohitaji kusahihishwa kidogo. Katika Kiswahili siri si lazima iwe ya mtu mmoja. Tuna neno msiri, mtu unayemwamini ukamweleza mambo yako ya ndani, na ukishamweleza siri haijaacha kuwa siri. Siri ya mtungi, tunasema, aijuaye kata: mtungi una siri na kata anaijua, na hakuna anayeshangaa. Mume na mke wana siri, ukoo una siri, hata chama kina siri. Kwa hiyo mwanafunzi akimtajia mwenzake wa chumbani neno lake la siri, kwa Kiswahili chake hajaivunja siri hata kidogo, amempata msiri. Kompyuta haina habari na jambo hilo. Anayelijua neno ndiye wewe. Akifuta kozi yako, umeifuta wewe.

Nenda kwenye steshenari yoyote nje ya geti la chuo wakati wa usajili. Foleni imefika barabarani, fotokopi inanguruma, na kijana wa dukani ana kaunta buku iliyopigwa mistari kwa rula: jina, kozi, namba, paswedi.

“Mdogo wangu, nitajie paswedi nikusajilie.”

“Ni jina la ukoo kwa herufi kubwa, kaka. Sijabadilisha.”

Kaka anaandika. Si mwizi, anafanya kazi aliyoombwa, na foleni ni ndefu. Lakini daftari lile linabaki juu ya meza likiwa wazi, na anayesubiri nyuma anaweza kusoma ukurasa mzima. Tena paswedi yenyewe ni ile ya kuanzia, jina la ukoo kwa herufi kubwa, ambayo hata asiyeona daftari anaweza kuikisia kwa kila mwanafunzi ambaye hajaibadilisha. Mara nyingi daftari hilohilo lina barua pepe pia. Wakati wa kuomba chuo, kijana wa steshenari ndiye aliyemfungulia mwombaji anwani ya Gmail na kuweka nenosiri lake, na pengine namba ya simu iliyoandikwa ni ya mjomba aliyeko Sumbawanga. Mwaka wa pili mwanafunzi akisahau nenosiri, tarakimu za kulirejesha zinatua kwenye simu ya mjomba, ambaye naye anadhani ni matapeli na anazifuta. Sina ubaya na mjomba, amefanya alivyofundishwa.

Basi siri hii haina msiri. Haina hata mmoja, na hapa ndipo wengi hushtuka: ofisi ya TEHAMA ya chuo nayo hailijui neno lako. Tofauti na faili lile la CTSS, mfumo uliojengwa vizuri hauhifadhi neno lenyewe. Unalipitisha kwenye hesabu inayokwenda upande mmoja tu, matokeo yake yakiwa mlolongo wa herufi na tarakimu usioweza kurudishwa kinyumenyume, na unahifadhi mlolongo huo. Kesho ukiandika neno lako, hesabu inafanywa upya na majibu yanalinganishwa. Wazo hilo lilianza Chuo Kikuu cha Cambridge miaka ya 1960, na mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walieleza jinsi walivyoliimarisha katika mfumo wa Unix: kila neno linachanganywa kwanza na tarakimu za bahati nasibu, ili watu wawili waliochagua neno moja wasipate mlolongo mmoja. Wataalamu huziita tarakimu hizo chumvi, na kwa mara moja istilahi yao haihitaji kamusi.

Ukishalijua hilo, mambo mawili yanakaa sawa. Ukienda dirishani kusema umesahau nenosiri, mtumishi hawezi kukutajia la zamani hata akitaka. Atakupa jipya la muda tu. Na mfumo wowote ukikutumia neno lako la zamani kwa barua pepe, jua umelihifadhi kama lilivyo, nawe usilitumie mahali pengine.

Tuje kwenye nusu ya kwanza ya istilahi, yaani neno. Nusu hii inapotosha zaidi. Ukimwambia mtu achague neno la siri atachagua neno: jina la mpenzi, Simba au Yanga na mwaka wa kuzaliwa, au dua fupi. Morris na Thompson walikusanya manenosiri 3,289 ya watumiaji wao wakakuta asilimia 86 yanapatikana kirahisi, kwa kuwa yalikuwa mafupi mno au yalikuwemo kwenye kamusi na orodha za majina. Kompyuta ya leo inajaribu kamusi nzima kabla hujamaliza kupiga chafya. Kinachomchosha mkisiaji ni urefu: kwa herufi ndogo tupu za alfabeti ya Kilatini, kila herufi moja unayoongeza huzidisha kazi yake mara 26. Ndiyo maana mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri mifumo iruhusu nenosiri lifike urefu wa herufi 64 au zaidi, na iache kuwalazimisha watu kulibadilisha kila baada ya muda bila dalili kwamba limevuja. Wengi wakilazimishwa huongeza 1 mwishoni, halafu 2.

Kwa hiyo “neno” hapa lisomwe kama fungu la maneno. Maneno manne au matano yasiyohusiana, uliyoyaokota ovyo, yanakumbukika kuliko @ na # zilizopachikwa ndani ya jina lako. Yasiwe methali, wala mstari wa wimbo. Hayo nayo yamo kwenye orodha za wakisiaji. Na kila mfumo uwe na fungu lake. Kama ni mengi kuyakumbuka, tumia programu ya kuhifadhi nywila, si sehemu ya noti kwenye simu unayomwazima kila mtu apige picha.

Sehemu moja siri hii inasafiri, na ni vizuri kuijua mapema. Vyuo vingi duniani vimejiunga na eduroam, mtandao wa Wi-Fi wa pamoja ulioanzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000; Kenya huduma hiyo iko chini ya KENET na Uganda chini ya RENU, mitandao ya elimu na utafiti ya nchi hizo. Mwanafunzi wa Nairobi akifika chuo cha Kampala kilichojiunga huandika jina la mtumiaji lenye alama ya @ na anwani ya chuo chake, na nenosiri lake lilelile la nyumbani. Mitambo ya Kampala inasoma kilicho baada ya @ na kupeleka ombi Nairobi, na Nairobi ndiyo inayojibu ndiyo au hapana. Simu ikiwa imepangwa vizuri, nenosiri hupita limefungwa na wenyeji hawalioni. Kupangwa vizuri ni kufuata maelekezo ya chuo chako kuhusu cheti cha kidijitali kinachothibitisha kwamba mtandao ni wa kweli, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuita Wi-Fi yake eduroam.

Sasa, nywila au nenosiri? Nywila ina sifa zake. Ni fupi, haibebi “neno” wala “siri” ya kupotosha, na inakaa vizuri kwenye kitufe na katika misamiati mirefu. Kwa mtunga programu na mwandishi wa kitabu, ni istilahi nzuri. Lakini kwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza ni sauti tupu, haimwagizi chochote. Nenosiri lina kasoro katika nusu zake zote mbili, ila nusu ya pili inamkataza mtu kutaja, na katazo hilo ndilo analolihitaji kuliko usahihi wa kamusi. Kwenye karatasi ya mwanafunzi mpya mimi ningeandika nenosiri, na nywila ningeiacha kwa somo la mwaka wa pili.

Ofisi za TEHAMA za vyuo vyetu, ambazo fomu zake nyingi bado ni za Kiingereza kitupu, ziongeze mistari mitatu ya Kiswahili chini ya mstari wa pili wa karatasi ile: Libadilishe leo. Liwe refu. Hakuna mtumishi wa chuo atakayekuuliza, na akikuuliza usimtajie.