Bangi, Kiwewe na Utafiti wa Madaktari

Huenda kijana wako amekuambia, "Bangi si mbaya, wazungu wamegundua ni dawa ya mawazo." Kuna ukweli kidogo ndani ya maneno hayo, ndiyo maana ni vigumu kuyajibu. Tuangalie yalikotoka.

Mtu aliyeponea ajali, vita au kubakwa anaweza kuota tukio hilo kila usiku, akashtuka mlango ukibishwa. Huo ni ugonjwa wa kiwewe, wala hakurogwa.

Mwaka 1943, huko Basel, Uswisi, mkemia Albert Hofmann aligundua bila kutarajia kwamba LSD, kemikali aliyoitengeneza 1938, hubadilisha fikira. Miaka ya 1950 madaktari wa akili waliijaribu kwa wagonjwa. Baadaye watu wakaifanya ya starehe, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 ukaibana. Utafiti ukalala.

Ulipoamka, wengi waligeukia MDMA, iliyotengenezwa Ujerumani 1912. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalihusu wagonjwa 90 wa kiwewe. Sikiliza jinsi walivyotibiwa: hawakupewa tembe za kwenda nazo nyumbani. Kila mmoja alikaa na washauri wawili kwa saa nane hivi, mara tatu, tena kukawa na mazungumzo mengine kabla na baada. Katika waliopewa MDMA, asilimia 67 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Waliopewa tembe tupu, asilimia 32. Mimi muuguzi hiyo 32 hunivutia sana, maana hao walipata mazungumzo peke yake!

Australia iliwaruhusu madaktari wa akili wenye kibali kuitumia kuanzia Julai 2023. Marekani iliikataa Agosti 2024 na kutaka utafiti mwingine. Wasiwasi mmoja uliotajwa ni kwamba wagonjwa wengi waliweza kutambua wamemeza nini.

Na bangi je? Kiini chake kinacholewesha, THC, kilitengwa na wanasayansi wa Israeli mwaka 1964. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya wanajeshi wastaafu wa Marekani wenye kiwewe. Wengine walivuta bangi kamili, wengine bangi iliyoondolewa kiini. Makundi yote yalipata nafuu, lakini bangi kamili haikuishinda ile tupu. Na hiyo ilikuwa imepimwa. Ile ya mtaani hakuna ajuaye nguvu yake, na inaweza kumfanya kijana asikie sauti zisizokuwepo. Hapa Kenya sheria ya 1994 inaikataza.

Mtoto akikosa usingizi baada ya tukio baya, mpeleke kituo cha afya na uulizie mshauri nasaha. Kama anavuta, tuambie bila kumficha. Hatutaki kumpa dawa nyingine kabla ya kujua.